Kiti Nyuma ya Mizani

Msimu ule wa kahawa naukumbuka kama asubuhi moja ndefu ambayo ukungu wake haukuisha. Kanazi asubuhi huwa hivyo. Migomba inajitokeza kwenye weupe mmoja mmoja, kisha barabara, kisha mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia, na sauti yake ya kusalimia hukufikia kabla hujauona uso. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima. Kazi yangu ilikuwa kupokea kahawa ya maganda, kuikagua kama imekauka, kuipima, na kumtajia mwenye mali uzito wake. Nilikuwa nimeifanya miaka mingi, kiasi kwamba ile harufu ya maganda, tamu yenye uchachu kidogo, ilishaingia mpaka kwenye nguo zangu za kanisani. Mume wangu, ambaye hununua dagaa visiwani, akirudi nyumbani tulikuwa tunabishana ni nani kati yetu ananuka kazi zaidi.

Kuhusu ajali yenyewe sina mengi. Ilikuwa bodaboda, barabara ya kwenda Muleba, mvua nyepesi, na ng'ombe aliyeamua kuvuka. Nilikuwa nakwenda kumsalimia mama yangu mzazi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimelala kwenye majani mabichi nikitazama mawingu, na yule ng'ombe akarudi kunichungulia, mpole kabisa, kama mwenyeji anayetaka kujua kilichonileta. Hospitalini waliniunga mifupa kwa vyuma. Mguu ukapona, lakini goti likapona likiwa limenyooka, na mpaka leo limekataa kukunjika.

Miezi ya kuuguza mguu niliimaliza kwa mama. Nyumba yake iko juu ya mteremko, na kutoka kitandani nililiona ziwa kwa mbali pamoja na visiwa vyake, vinaelea asubuhi, vinazama jioni. Dawa zilinisinzisha mchana kutwa. Nikifumbua macho namkuta mgeni ameketi kwenye mkeka, kimya. Nikifumba nikafumbua tena, mgeni amegeuka kuwa mtu mwingine. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, kwa hiyo chumba kilijaa ndizi, mayai, maziwa kwenye chupa za soda, na kuku mmoja aliyefungwa kwenye tendegu la kitanda, ambaye alinichukia waziwazi. Tena mgonjwa hapewi kazi, hadaiwi, habishiwi. Akisema leo jua limechomoza magharibi, wageni wataitikia kwamba kweli, hata wao wameliona huko. Sikatai, nilifaidi. Ni raha kuishi mahali ambapo kila mtu anakubaliana nawe.

Aliyenitoa kwenye raha hiyo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi.

"Goti hili halitarudi kama zamani," aliniambia siku moja akiwa amelishika. "Kazi yako ni nini?"

Nikamweleza. Akaniuliza kama kahawa huwa naipima kwa goti. Nikacheka, nikamwambia hapana, naipima kwa macho na mikono.

"Basi ukirudi usiwaambie huwezi. Waambie unahitaji nini."

Nililipokea neno hilo kama yanavyopokewa maneno ya watu wa hospitali. Nikaliweka pamoja na vidonge, nikasinzia.

Niliporudi Kanazi msimu ulikuwa umeshafunguliwa. Nikaenda ghalani na fimbo yangu, polepole, na umande ukinilowesha kanga. Mwenyekiti wa chama alinipokea mlangoni. Ni mtu mwenye moyo wa huruma kweli, wa wale wanaolia hata kwenye msiba wa mtu wasiyemjua, na aliponiona na fimbo macho yake yakajaa maji.

"Dada yangu. Mungu ni mkubwa. Umekuja kutusalimia."

"Nimekuja kazini."

"Pumzika kwanza."

"Nimepumzika mpaka mgongo unauma, mwenyekiti."

Akatikisa kichwa. Akasema kazi ile ni ya kusimama tangu asubuhi mpaka jioni, mguu ule utanimaliza, na wao si wanyama wa kumtumikisha mtu aliyenusurika kifo. Nyuma yake mtu mwingine alikuwa anasoma mizani yangu. Asiyekuwepo na lake halipo, wamesema wahenga, ila mimi nilikuwepo, nimesimama palepale mlangoni, na langu bado halikuwepo. Kibanja chetu kinatulisha, ndizi hatukosi, kwa hiyo sikuogopa njaa. Niliogopa kitu kingine. Bila mizani ile nilikuwa mke wa mtu aliyeko visiwani, mwenye fimbo, anayesubiri simu. Ghalani nilikuwa mtu ambaye kijiji kizima kilihitaji neno lake kabla ya kulala usingizi.

Nikakumbuka neno la yule mwanamke mwenye mikono ya baridi.

"Nipe kiti," nikasema. "Kiwe kirefu, na mahali pa kuegeshea mguu. Wabebaji watabeba kama walivyobeba siku zote. Mimi nitapima."

Mwenyekiti alinitazama kama mtu niliyemwomba ghala lenyewe. Na nitasema ukweli, nilimwelewa. Kwetu mwanamke humsalimia mzee kwa kupiga magoti. Miaka yote ile, mzee akiingia na gunia lake, nilitoka nyuma ya mizani, nikapiga goti juu ya maturubai, nikasalimia, tukaulizana habari za nyumbani na za migomba, ndipo nikainuka tukaanza mambo ya kilo. Hakuna aliyeniamuru. Mtu hafundishwi jambo hilo, analikuta mwilini mwake kama anavyoukuta urefu wake.

"Watasema nini wazee wakikukuta umekaa, wao wamesimama?" akauliza taratibu.

Swali hilo lilinipandisha hasira. Keshoye nikapanda gari kwenda Bukoba mjini.

Siku hiyo mji ulikuwa umelala katika joto la mvua inayojivuta. Nilishuka stendi nikatembea kwa vituo, napumzika kwenye kibaraza cha duka hili, kisha cha lile, na kila nilipopumzika mtu alinisogezea kiti bila kuulizwa. Nikawaza jinsi dunia ilivyojaa viti, kila mahali isipokuwa pale ninapovihitaji. Mwisho wa barabara ziwa liling'aa, halina mawimbi, na sauti za watu zilinifikia kama zimepita kwenye maji. Nilikuwa nimepewa maelekezo ya ofisi ya afisa kazi. Nikaipata, nikaketi kwenye benchi, feni ikazunguka juu yangu, nikaanza kusinzia kama kule kwa mama.

Afisa kazi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Kwa mfanyakazi mwenye ulemavu, sheria ya nchi iko wazi."

Nikageuka nyuma nione ni nani ameingia. Hapakuwa na mtu. Nikamrudia kwa macho, naye akanisubiri, hakucheka. Jina lile lilikuwa limenikalia begani kama ndege, nami nikawa naogopa kujitikisa. Nyumbani waliniita mgonjwa, waliniita maskini, waliniita aliyenusurika. Neno lile la ofisini lilikuwa kavu, na kwa namna nisiyoitegemea, ukavu wake ulinituliza. Halikunionea huruma hata chembe.

Akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Mtu hawezi kuondolewa kazini kwa sababu ya ulemavu wakati kazi yenyewe bado anaiweza. Mwajiri anatakiwa arekebishe mazingira ili mfanyakazi aifanye kazi yake, labda marekebisho yenyewe yawe mzigo usiobebeka kwake. Hilo si hisani, akasema, ni wajibu, kama vile kuwa na mlango.

"Sasa kiti," akaniuliza, "kinamwelemea nani?"

"Kinawaelemea wazee," nikasema.

"Wazee hawamo kwenye sheria," akasema, akachukua simu kumpigia mwenyekiti wetu. Waliongea kwa adabu, waitu huku, waitu kule, maana wote wawili walikuwa Wahaya na hakuna Mhaya anayeanza jambo kabla ya kumheshimu mwenzake kwa neno hilo. Nilisikia mwenyekiti akisema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa. Nikarudi Kanazi jioni ile nikiwa nimeshinda, na mvua iliyojivuta mchana kutwa ikaninyeshea niliposhuka garini.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kutekeleza jambo nusu. Aliposhindwa aliamua kushindwa vizuri. Alimwita fundi seremala, wakanipima kama ninayeshonewa gauni, na kiti kikaja kirefu, cha mbao za paini, kina egemeo la mgongo na ubao wa kunyooshea mguu. Hata mto mwekundu aliweka, alikouchukua sijui. Mizani ikasogezwa ili uso wake uwe sawa na macho yangu. Yule aliyenishikia nafasi akarudi kwenye kazi yake ya kushona magunia, kwa shukrani, maana wakulima walikuwa wamemchosha. Asubuhi ya kwanza nilipanda kitini, nikaunyoosha mguu, nikaona barabara yote hadi inapopotelea kwenye ukungu. Nilijisikia mzima.

Mkulima wa kwanza kuingia alikuwa bibi mmoja jirani yetu, mjane, mwenye kahawa nzuri kuliko za watu wengi. Alisukuma baiskeli hadi mlangoni, akaniona nimekaa, akasimama. Nikamsalimia kutoka kitini. Akaitikia kwa sauti ndogo, ile sauti ya chumbani. Akaegesha baiskeli nje, gunia likiwa juu yake, akaingia mikono mitupu, akaketi chini karibu na ubao wa mguu wangu.

"Pole, muhala wange," akasema, maana yake binti yangu. "Pole sana. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, mama. Lete kahawa tupime."

"Tulia, tulia. Kahawa haiozi."

Tukakaa. Akaniuliza kama nalala vizuri, nikajibu. Kisha akaaga, akachukua baiskeli yake na gunia lake, akaondoka. Alasiri akarudi na mkungu wa ndizi.

Siku zilizofuata nazikumbuka kama ndoto ile unayokimbia na miguu haisogei. Walikuja wote. Walikuja kwa heshima, wakavua kofia mlangoni, wakaketi chini juu ya maturubai niliyoyatandika kwa ajili ya kahawa, wakaongea polepole. Waliniletea mayai, maboga, maziwa, viazi vikuu. Mmoja alileta kahawa, nikafurahi, kumbe ni ile iliyochemshwa na majani ya kunukia, ya kutafuna, anayopewa mgeni nyumbani. Ya kupimwa hakuileta mtu. Magunia yao yalipita mbele ya ghala letu, yakashuka bondeni, yakapanda upande wa pili kwenye kituo cha chama cha jirani, kwa mkono wa ndugu zao walioko kule. Sikuwa nimemkosea mtu. Hakuna aliyeona kiburi katika kukaa kwangu, kama mwenyekiti alivyohofia. Mwanamke anayekaa mzee akiingia, asiyeinuka kusalimia, kwao alikuwa kitu kimoja tu. Alikuwa mgonjwa. Na mgonjwa hapelekewi mzigo apime.

Nilijitetea. Nilimwambia kila mmoja kwamba mimi si mgonjwa, nimepona, ni goti tu. Walinikubalia wote. Hivyo ndivyo wasemavyo wagonjwa, na mgonjwa habishiwi. Siku moja nikaamua kusimama mchana kutwa ili waone. Jioni mguu ulivimba hata ndala haikuingia, na waliponiona nimekunja uso kwa maumivu walileta ndizi maradufu. Nyumbani kwangu ndizi ziliivia ukutani, zikaliwa na ndege. Nililia peke yangu jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Ukitukanwa una la kurudisha. Ukiletewa yai la moto kutoka kiotani, limefungwa kwenye kitambaa na mtu aliyetembea nalo asubuhi yote, utasema nini? Utasema asante. Nilisema asante hadi ulimi ukachoka.

Nikampigia afisa kazi. Nikamweleza kwamba kiti kimekuja, mwajiri hana neno, ila kazi imenikimbia. Akasema sheria inamfikia mwajiri. Jirani anayeleta ndizi haimfikii.

Mwenyekiti naye alikuwa amekonda. Alikuja akaegemea mlango, akaangalia ghala lililokuwa na mwangwi.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Sikulaumu. Sheria nimeifuata, kiti nimekupa. Lakini chama kisichopokea kahawa ni chama gani? Wanachama wameomba mkutano. Watasema upumzike, kwa mapenzi tu, na wakisema wote mimi nitafanyaje?"

Hakuniambia kwa ukali. Angeniambia kwa ukali ningelala vizuri zaidi.

Mvua kubwa ilikuja siku chache kabla ya mkutano, mchana, kwa ghafla kama inavyokuja kwetu kutoka ziwani. Watu waliokuwa barabarani walikimbilia ghalani, wakajibanza ukutani na kunipa pole kwa zamu. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye koti la mvua lililochanika, ambaye wiki iliyotangulia aliniletea boga. Alikuwa na gunia kwenye baiskeli, na kwa sababu ya mvua ilibidi aliingize ndani. Alilielekeza ng'ambo ya bonde, sote tulijua, naye alijua kwamba tunajua, kwa hiyo alisimama mbele yake kulikinga na macho yangu.

Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikizana. Ghala likawa na giza la kijani. Gunia lilikuwa karibu na mkono wangu, na mkono wangu una tabia zake. Nikafungua mdomo wa gunia, nikachota kahawa kiganjani, nikaitikisa sikioni. Ya juu ilikuwa kavu, ililia vizuri ndani ya maganda yake. Nikatumbukiza mkono hadi bega. Chini kulikuwa na joto, na iliyotoka kule ilikuwa laini, ina jasho, na haikutoa sauti.

Mvua ilipopungua nikasema, "Baba, hii ya chini haijakauka."

"Usijisumbue, mwanangu. Wewe tulia upone."

"Umeweka kavu juu, mbichi chini."

Watu wakageuka. Mzee akavuta gunia kwake.

"Sikukuomba uitazame. Naipeleka kwingine."

"Na kwingine usiipeleke. Itaoza, iozeshe na za wenzako. Irudishe juani."

"Wewe umekaa hapo umefungwa mguu, utajua nini juu ya kahawa yangu?"

"Naijua kuliko unavyotaka niijue."

Jicho lake likabadilika. Nililiona likibadilika, na kitu fulani kifuani mwangu, kilichokuwa kimelala tangu kwa mama, kikainuka kikakaa. Akasema nimemdhalilisha mbele ya watu. Nikamwambia amejidhalilisha mwenyewe kwa kahawa mbichi, mimi sikumsaidia. Akasema basi nipime, nipime palepale, chama ni chake, yeye ni mwanachama tangu sijazaliwa. Nikasema sipimi. Akapiga gunia kofi. Akasema pima. Nikasema sipimi hata akikesha. Tulisemana vile mpaka mvua ikaisha, na jua likaingia mlangoni likiwa jipya, na hakuna aliyeondoka. Mwishowe akatoka na baiskeli yake akielekea nyumbani kwake, si bondeni, huku akininung'unikia kwa Kihaya maneno ambayo siyaandiki. Nilifikiri nimejimaliza.

Siku ya mkutano wanachama walijaa ghalani, wakaketi juu ya magunia matupu. Mimi nilikaa kitini kwangu nyuma ya mizani, maana hapakuwa na mahali pengine ambapo mguu wangu ungenyooka. Nje ukungu ulikuwa bado haujapanda, na nyuso zilizokuwa karibu na mlango zilionekana nusu. Mwenyekiti akafungua kwa sala. Kisha, akijifuta macho mapema, akasema ajenda ni moja, nayo ni dada yetu mpendwa. Akasema nimetumikia vizuri, nimepata mtihani, na inaonekana mawazo ya wengi ni kwamba nipumzike. Vichwa vikaitikia taratibu, vyote kwa upole. Yule bibi wa ndizi akasikitika kwa Kihaya, mae, akasema tumwonee huruma mtoto wa watu. Nilitazama mikono yangu. Nilijua kwamba wakiinua mikono yao nimekwisha, na kwamba watainua kwa upendo.

Mzee mwembamba akasimama, koti lake mkononi.

"Mimi sielewi," akasema. "Mgonjwa ni nani hapa?"

Mwenyekiti akaninyooshea mkono kwa staha.

"Huyu?" Mzee akanitazama kwa chuki safi. "Mgonjwa ana mdomo kama ule? Huyu ameingiza mkono kwenye gunia langu mpaka chini kabisa. Ameniambia mbele ya watu kwamba naficha kahawa mbichi. Nimemwambia apime, amekataa. Mimi nilikuja na malalamiko, nakuta mnataka kuombeana. Nataka karani huyu aonywe."

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akacheka, akajizuia, halafu akasema, "Hilo kweli. Msimu uliopita alinirudisha na magunia yangu mpaka nyumbani, na mke wangu alikuwa anaangalia."

"Mimi alinipepetea yangu upya, yote," akasema mwingine. "Nilikaa hapa mchana mzima na njaa."

"Na mimi aliniambia kokoto hazinywewi."

Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa banda. Yalitoka yote, ya msimu ule na ya misimu iliyopita, vinyongo vilivyokuwa vimekaa kimya chini ya mayai na maboga. Walinisema, wakakatizana ili wanilaumu vizuri zaidi. Yule bibi alikuwa akiwasikiliza huku akinitazama tangu kichwani mpaka mguuni, na uso wake ukaacha upole kidogo kidogo.

"Kama si mgonjwa," akaniuliza, "ndizi zangu ulikuwa unazilia nini?"

Ghala likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, kwa hofu. Mwenyekiti aliinua mikono mpaka wakatulia. Alionekana mtu aliyepotea njia ya nyumbani kwake.

"Jamani, ajenda ilikuwa apumzike. Sasa mnataka aonywe. Mtu akishapumzishwa, tutamwonya kama nani?"

Wakatazamana. Walilifikiria jambo hilo kwa dhati, kama watu wanaopima gunia kwa macho.

"Basi asipumzike," akasema mzee mwembamba kwa hasira. "Apumzike vipi kabla hajaonywa?"

Mikono ikainuliwa. Mwenyekiti akaihesabu kwa macho, akaafiki, akajiweka sawa shati, akaniita kwa cheo changu, karani wa mizani, akaniambia nisimame. Nikaishika fimbo, nikaanza kuuteremsha mguu kutoka kwenye ubao wake, na wote wakawa wananisubiri.

"Kaa," akasema yule mzee, bado amenuna. "Hicho si ndicho kiti chako cha kazi? Onywa umekaa. Wengine tuna kahawa juani."

Nikaurudisha mguu mahali pake. Mwenyekiti akakohoa, akaanza kunionya.